Kompyuta ya Chumba cha Ndani

Garsen,
Jumapili jioni.

Kwako kaka yangu Kuno,

Salamu nyingi zikufikie huko Malindi, wewe na wifi Rachael pamoja na watoto. Natumaini mguu wa wifi umepata nafuu. Mama bado yuko hapa kwangu. Ni mzima wa mwili, anakula nikimbembeleza, na kila asubuhi anamtolea Baba kiti nje. Mimi nipo, sina la kujisifia.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu. Siku ya maziko uliniuliza mbele za watu ofisi yetu ina kompyuta za kazi gani ikiwa zimeshindwa kumwokoa hata mzee mmoja, ukaondoka bila kuniaga. Wewe ni mkubwa wangu, na swali lako lazima nilijibu.

Kazi yetu, kama unavyojua, ni kuwaonya watu wa bondeni mto unapofura. Vipimo vya maji hutoka juu, upande wa Garissa, tunavitia kwenye programu, nayo inachora ramani ya vijiji vitakavyofunikwa. Mwaka huu tuliletewa programu mpya. Ni nzuri, lakini ni nzito ajabu. Kwenye kompyuta zetu kuukuu ilikuwa ikiganda, feni inalia weee, kisha mashine inazima. Nikaeleza kwamba tunahitaji yenye memori kubwa na kadi ya picha ya nguvu. Bwana Martin, mkubwa wetu, alitaka zinunuliwe nyingi za rahisi ili kila mtu apate yake. Nilibishana naye mpaka akakubali iwe moja, ya maana.

Ikaja. Kaka, unajua kwetu kitu kizuri kikiingia nyumbani kinaenda wapi. Kuku akichinjwa, hakuna anayeuliza firigisi ni ya nani. Mashine ikapelekwa chumba cha ndani, mezani kwa Bwana Martin, penye kiyoyozi na zulia. Akawa anasomea barua pepe na kutazamia mpira. Mimi na Deka, mwenzangu wa ramani, tulipewa ile yake ya zamani, na tukashukuru, wajinga sisi! Alituahidi kwamba siku ya kazi kubwa tutaingia kwake tuitumie.

Siku hiyo ilipofika, Bwana Martin alikuwa Hola kwenye mkutano, simu ameizima, ufunguo anao mfukoni. Tukaianzisha ramani kwenye mashine kuukuu. Ikaenda nusu, ikazima. Tukaanza upya. Deka akachukua nondo ya getini akasema tuuvunje mlango. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia mlango wa mkubwa hauvunjwi, tumngoje mwenyewe. Deka alilia kwa hasira, akaniuliza kama maji nayo yatamngoja Bwana Martin. Nikamwambia akae chini.

Utasema ningempigia Baba hata bila ramani. Lakini unakumbuka mwaka jana nilimpigia kwa kukisia, wakahama yeye na Mama, maji yasije, na nyani wakamaliza mahindi yote shambani. Alinigombeza sana. Aliniambia siku nyingine nimpigie nikiwa nimeshaona kwa macho yangu kwenye kompyuta. Basi nikakaa nikingoja kuona.

Juzi Bwana Martin aliitoa ile mashine mwenyewe akaiweka mezani kwangu. Niliipa ramani ileile. Ilimaliza kabla chai yangu haijapoa. Nilitoka nje nikaimwaga chai mchangani.

Sasa kuna jambo ambalo Mama halijui, na wewe hukukaa siku ya maziko ulisikie. Nimeambiwa na Pekeshe, jirani yetu. Watu walipoanza kuhama, Mama akiwa huku kwangu, alipeleka mtumbwi mpaka mlangoni kwa Baba. Baba alikataa kupanda. Alisema Joy hajapiga, na Joy ndiye mwenye kompyuta. Akamwonyesha simu yake: ameifunga kwenye nailoni na kuitundika shingoni, isije ikalowa kabla sijampigia.

Ramani ilikubali siku ya pili, na kijiji chetu kilikuwa cha kwanza kugeuka buluu. Nilipiga simu papo hapo. Kaka, iliita! Nilimshika Deka mkono nikamwambia inaita, Baba ni mzima. Nikapiga tena, na tena, sikuchoka. Pekeshe wakati huo alikuwa akimtafuta kwa mtumbwi kwenye matete. Alisikia mlio, akaufuata. Ndivyo alivyompata Baba.

Hilo ndilo jibu langu. Nisalimie wifi na watoto, uwaambie bibi yao anawaulizia. Simu ya Baba ninayo mimi. Mama hataki izimwe. Ukiona moyo wako umetulia, nipigie kwenye yangu, kwa sababu hiyo nyingine ikilia hapa ndani sitaweza kuipokea.

Mdogo wako,
Joy