Vijiko vya Baruti Vyenye Jina Langu

Shangazi Kalista,

Natangaza rasmi, kwa faida ya wasomaji wote wa gazeti hili, kwamba vijiko vya shaba vya kupimia baruti, kila kimoja jina langu limechongwa mpinini, vimeondoka Guangzhou kwa ndege na kuwasili Dar es Salaam salama salimini. Bendi haikupigwa, lakini mimi nilivaa kanzu mpya.

Sasa nisaidie, maana furaha ile imenigeukia. Mimi ni mfanyabiashara, naishi Sanyuanli, mtaa wa hapa Guangzhou, nanunua nguo soko la Shisanhang na kuzisafirisha, ila nikiwa nyumbani Upanga mimi ni mtu wa shabaha, tunalenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, kwa bunduki za marisau, zile chembe ndogo za risasi, zenye leseni, na risasi zangu najaza mwenyewe, ganda lililokwisha pigwa naliwekea fataki mpya ya kuwashia, baruti, kizibo na marisau, na nasema bila kujisifu, ingawa najisifu, hakuna risasi yangu iliyowahi kunitia aibu, kwa sababu mezani pangu hukaa aina moja tu ya baruti, sigara haiingii chumba kile, mazungumzo hayaingii, na kila ganda nalimulika ndani kwa tochi kabla ya kulifunga, hata mke wangu Muzdalifa husema laiti naye angekuwa ganda.

Huku China bunduki sina wala matata sitaki, lakini nilikuja na kijiko changu cha kupimia, nilichokichonga mwenyewe na kukihakiki kwenye mizani, nikampelekea laoban mmoja, tajiri wa karakana, kwa kuwa huku ukimpa mtu sampo anakutolea pacha wake, nikamwambia nitengenezee kama hiki, vya kuwazawadia wenzangu wa klabu ambao kila Jumapili huniuliza nafanyaje, akatengeneza, vinang'aa kama vya sultani, nikampa Nahla, mfanyabiashara mwenzangu aliyekuwa anarudi Dar, pamoja na maelezo ya mkono wangu kwamba wapimie hivi na wasihangaike na mizani tena.

Kimoja nilibaki nacho kwa ukumbusho. Mwenzangu wa chumba, Pandu, mtu wa Unguja ambaye mdomo wake hauna breki, akakiweka kando ya kile cha zamani akasema, "Sheikh, huyu si pacha. Huyu kaka mkubwa." Tukajaza chumvi kwenye cha zamani, tukaimimina kwenye kipya, haikufika ukingoni. Nikaenda mbio kwa laoban. Alifurahi kwamba nimegundua. "Rafiki," akasema, "wewe mteja mzuri. Nimekuongezea kidogo, bei ile ile."

Shangazi, baruti si mchele, haiongezwi kwa mapenzi, ikizidi mtutu unaweza kupasuka usoni mwa mtu. Pandu anasema nipige simu niseme kweli. Mimi nafikiria niwaambie tu kwamba vijiko havikung'arishwa sawasawa, vikusanywe nivirudishe, maana klabuni wananiita Fundi, na wakijua wataniita jina jingine. Nifanyeje?

Abdulsalam, Sanyuanli

*

Ndugu Abdulsalam,

Pole. Umejisifu vizuri, na nusu ya sifa nakupa, maana anayemulika ganda kwa tochi si mzembe. Nusu nyingine naizuia. Wewe uliyekihakiki kijiko chako kwenye mizani, uliwaambiaje wenzako waache mizani? Uliwazawadia jina lako, kazi yako ukabaki nayo. Na laoban usimlaumu. Ulimwambia "kama hiki", hukumwambia ni cha nini. Mtu kakufanyia ukarimu.

Huo uongo wa kung'arisha una tundu. Vijiko vitarudi, na risasi zilizokwisha jazwa kwa vijiko hivyo zitabaki majumbani mwa watu, na Jumapili mmoja wao atatia mojawapo bundukini na kuegemeza shavu lake. Hapo Fundi atamfaa nini?

Nenda kwenye duka la simu leo, kabla hujakanyaga Shisanhang. Sema neno kwa neno: vijiko vimezidi, msipimie. Risasi yoyote iliyojazwa kwa kijiko hicho isipigwe, isifunguliwe kwa kubahatisha, isitupwe jalalani wala motoni. Itengwe, itiwe alama, ikabidhiwe fundi wa silaha mwenye kibali. Kila mmoja arudi kwenye mizani na kwenye maelekezo ya kiwanda kilichotengeneza baruti yake, wala asibadili kitu kwa sababu kinafanana na kingine. Wakikupa jina jipya, itika. Jina baya halijamtoa mtu jicho.

Mimi nilipopata faksi yako sikungoja gazeti litoke. Nilimpigia katibu wa klabu yenu, Ndugu Chacha, nikamweleza yote, jambo ambalo halikuondolei wewe wajibu wa kupiga simu yako. Alinisikiliza kwa adabu, akakutaja kama Fundi kila alipokutaja, akasema vijiko vimependeza mno na vimepangwa kwenye kabati la vikombe vya ushindi. Nikamwuliza wamekwisha jaza risasi ngapi kwa vijiko hivyo.

Akasema hakuna. Wanachama wengine wote hununua risasi dukani.