Saba ya Zuhura

Baba, shikamoo.

Najua leo hutaniitikia, lakini nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi hapa Kibaha na sina mwingine wa kumwambia. Zuhura, kitinda mimba wako, yuko ndani tangu alfajiri. Sasa adhuhuri imepita. Ile mimba yake ya kwanza tulipoipoteza, ulikuwepo. Safari hii haupo.

Alipokuwa anaingizwa alinishika kanga, akacheka huku amekunja uso: "Dada, nani atanizidishia tano leo?"

Ile namba yako, 142857. Uliichora mchangani uani kwetu Magindu, ukatugawia watoto sita tarakimu moja moja, kwa kufuatana tulivyozaliwa. Kaka moja, mimi nne, Zuhura wa mwisho saba. Ugali ukishatengwa, wewe unaita, "Zidisha kwa tatu!" Jibu 428571, na mwenye tarakimu ya mbele ananawa kwanza. Tatu ilikuwa bahati yangu. Zuhura, hata kuzidisha hajui, anapiga kelele, "Tano, Baba! Tano!" maana tano humleta yeye mbele: 714285. "Mlafi wewe, tulia," unamwambia. Halafu unampa tano yake.

Kuanzia mbili hadi sita ni sisi walewale, foleni ileile inazunguka. "Hakuna aliyepotea," ulisema, "wa mbele tu kabadilika." Saba ilitoa tisa tupu, 999999. Hiyo ukaiweka ya Idi, tunanawa wote pamoja. Tulipouliza nane ulisema, "Hiyo bado." Ukaondoka duniani hujatuonyesha.

Leo nimeizidisha kwa nane pembeni mwa karatasi hii, mikono ipate kazi. 1142856. Baba, saba haimo. Nimerudia, haimo. Kaka yupo, mimi nipo, wote tupo, halafu pale pa Zuhura pana sita. Nikaifunika kwa kiganja.

Nikaifunua tena. Mbele kabisa, mbele hata ya Kaka, imesimama moja ngeni. Moja na sita. Saba haikupotea, imejigawa: kidogo kimetangulia, yeye amebaki mahali pake. Namba haimzalishi mtu, najua. Lakini sina kingine cha kushika...

Naendelea, Baba. Muuguzi alitoka akaita, "Ndugu wa Zuhura!" Kalamu ikaniponyoka. "Mbona umeganda, dada? Lete kanga. Mtoto wa kike. Mama yake mzima, anadai chai."

Nimempakata. Amekunja ngumi kama anaficha kitu. Zuhura amechoka, midomo imemkauka, lakini yupo. Nikamwonyesha nane. Akaitazama, akanuna: "Kwa hiyo huyu ndiye atakayenawa kabla yangu?"

Pumzika, Baba. Tukirudi Magindu nitaichora uani, mahali palepale. Na siku huyu mjukuu wako atakapokaa kwenye ugali mara ya kwanza, mimi ndiye nitakayeita: zidisha kwa nane.

Mwanao,
Mwajuma, yule mwenye tarakimu ya nne