Filta Kabla ya Kikao cha Wakwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baba mkwe kapiga simu. Mzee Mashimba hapigi simu hovyo, kwa hiyo nilisimamisha gari kando nikamwamkia vizuri. Kasema kikao ni Jumapili, kwao, ng'ambo ya Busisi. Niende mwenyewe. Wakiridhika, narudi Buswelu na mke wangu Rebeka na mtoto. Wasiporidhika, Rebeka habanduki pale. Halafu sharti! Kuanzia leo nisimwinulie mkono mtu yeyote. Akisikia nimempiga mtu, hata mlevi wa njiani, nisijisumbue kuvuka daraja.

Nimesema sawa, baba. Taya linauma mpaka sasa kwa kubana meno.

Kwani nilifanya nini? Kibao. Rebeka anasema ngumi. Jicho limevimba kidogo, mwanamke kabeba mtoto kaenda kwao, na ukoo mzima unakaa kunijadili! Hakuna anayeuliza yeye alinijibu nini.

Baada ya simu nikakanyaga mafuta kwa hasira. Njia yetu mawe matupu — moja likagonga chini ya injini, paa! Nikashuka nikalipiga teke. Kidole gumba cheusi.

Jumanne, 5 Agosti

Oili imedondoka uani. Fundi Bashiru kalala chini ya gari langu, Spacio, katoka kasema filta ya oili imebonyea, inavuja. Oili yenyewe tumeibadilisha juzijuzi, bado ina rangi ya asali, hakuna haja ya kuimwaga. Ni filta tu. Itatoka na oili kidogo, nitaongezea, basi. Lakini yeye hana nafasi, wiki hii yote yuko Nyamhongolo kwenye maonesho ya Nane Nane, anahudumia mashine za watu. Nifanye mwenyewe, si kazi.

Kanielekeza. Ile ya zamani ikitoka, nihakikishe raba yake ya kuzibia imetoka nayo. Raba mpya niipake oili kwa kidole. "Halafu kaza kwa mkono, bwana Masele. Mkono mtupu. Spana usiiguse." Sauti laini, utadhani anamlisha mgonjwa uji. Nilitamani kumkaba. Sikumkaba! Mzee Mashimba naye alijue hilo.

Jumatano, 6 Agosti

Filta nimepata mjini. Muuzaji alinipa kwanza ya gari jingine, nikamrudishia kwa kuirusha mezani. Kioo cha meza kimepata ufa. Meza si mtu.

Rebeka hapokei. Jioni Precious kapokea simu ya mama yake, kasema shikamoo baba, kisha imekatika. Mtoto wa miaka sita kafundishwa na nani kumkatia baba yake simu? Nimemkumbuka mno. Nyumba hii bila sauti yake ni ghala.

Alhamisi, 7 Agosti

Vita! Sina neno jingine.

Jeki, boksi, mgongo juu ya kokoto. Nimeshika filta kwa mkono, haisogei. Kwa kitambaa, haisogei. Nikaitukana. Nikachukua bisbisi kubwa na nyundo nikaichoma ubavuni, ikatokea upande wa pili, oili ikashuka kwenye kwapa. Nikavuta bisbisi ili izunguke — bati likachanika. Nikachoma tena. Na tena. Nilikuwa nachoma huku nasema majina. La Bashiru, la baba mkwe, la mashemeji, na mwisho la Rebeka. Sikupanga kulisema.

Imetoka vipandevipande kama kopo lililopitiwa na lori. Mikono yote damu na oili. Raba ya zamani sikuiona, sikuitafuta. Nani ana muda wa kutafuta raba!

Mpya nimeiweka. Nikaanza kwa mkono, lakini mkono unateleza kwa damu, na mkono mtupu ni wa Bashiru, siyo wangu. Nikachukua spana ya bomba. Nikakaza mpaka chuma kikalia. Raha niliyoipata pale, sijui niiandikeje. Nililala chini ya gari nikahema, mwili mwepesi kabisa. Angalau kitu kimoja kimenitii wiki hii.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Limetokea.

Masalu, jirani, kaegemea ukuta wa uani asubuhi, mswaki mdomoni. Kaona lile bati lililochanika. Kacheka. Kasema, "Hata filta nayo umeipiga kama mkeo?"

Sikumbuki kuuvuka ukuta. Nakumbuka mswaki ukiingia ndani zaidi. Nakumbuka nimemkalia kifuani, kichwa chake nakigonga kwenye tofali, na yeye hapigani tena, anakinga macho tu. Dorcas, mke wake, kaja na sufuria la chai kanipiga nalo mgongoni. Ndipo nikaachia.

Malengelenge mgongoni. Yeye jino moja limetoka na mdomo umeshonwa. Nimekwenda kumwomba radhi, nikapiga goti kabisa, kwenye saruji. Nimemwomba lisifike Busisi. Masalu hakuweza kusema, alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kukataa. Dorcas alifunga mlango. Dorcas huyo ni rafiki wa Rebeka, Rebeka ndiye aliyemsimamia harusi yake.

Uchokozi ulikuwa wake! Lakini mzee hakusema "bila kuchokozwa".

Jumamosi, 9 Agosti

Hakuna simu kutoka ng'ambo. Nzuri hiyo.

Chini ya gari kuna tone. Nimefuta. Nguo nimepiga pasi.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya gari, Kigongo, daraja naliona mbele. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Usagara nilipita vizuri. Baadaye kidogo taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikaipiga dashibodi ngumi, haikuzima. Nikaongeza mwendo, maana saa ilikuwa inakwenda. Injini ikaanza kugonga, ikakwaruza, ikakaa kimya. Nilipofungua boneti, oili imetapakaa kila mahali. Nikaingia chini. Raba mbili! Ya zamani imeng'ang'ania injini, mpya juu yake imefinywa na kutoka nje kama ulimi. Oili yote nimeimwaga njiani. Injini imekufa.

Nikampigia mzee, nikamweleza. Kasema nisiondoke, wanakuja wao.

Wamekuja na pikapu ya shemeji, kaiendesha mwenyewe. Mzee mbele. Nyuma Rebeka, Precious na mama mkwe. Jicho la Rebeka limepona. Mzee kapokea salamu, kaiangalia injini, kisha kaniuliza mdomo wa Masalu unaendeleaje.

Walijua tangu Ijumaa. Kasema hata hivyo walikuwa tayari kunisikiliza, kwa ajili ya mtoto.

Precious alishuka. Akaja mwenyewe, taratibu, hadi kwenye taa ya mbele, akasema shikamoo baba. Nilifurahi mno. Nikainua mkono nifunge boneti ili nimbebe — na mtoto akachuchumaa, mikono juu ya kichwa, macho kayafumba. Hakulia. Alikuwa anasubiri.

Nilikuwa nafunga boneti tu! Nimesema hivyo kwa sauti. Sijawahi kumpiga Precious. Sijawahi.

Ndipo mama mkwe akashuka. Sisi Wasukuma mkwe na mama mkwe hawatazamani. Akitokea njiani mimi napisha, yeye anajifunika kanga, kila mtu anaangalia kwake. Miaka minane, sura yake siijui. Leo katembea moja kwa moja, kanga kaishusha mabegani, kasimama mbele yangu, karibu kabisa, kaniangalia usoni. Mzee alikohoa kumkanya, mama hakugeuka.

Kasema, "Nilimtoa mwanangu kwa mtu nisiyemtazama. Leo acha nikutazame."

Nimeshindwa kusimama pale. Nimeingia garini nikafunga mlango. Precious yuko mgongoni mwa mjomba wake. Rebeka hajashuka, ila pikapu nayo haijawashwa.

Mama mkwe amekuja dirishani. Naandika nimeinama, lakini kivuli chake kiko juu ya karatasi. Nikiinua uso nitamwona.

Anagonga kioo