Dawa Iliyokuja kwa Gari la Maiti

Ha Mpholo,
Butha-Buthe,
Lesotho.
2 Mei 2020

Mpendwa kaka Seabata,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Welkom? Bado mnalala humo humo kwenye kinu cha unga, au wamewaruhusu kutoka? Kifua chako na lile vumbi je? Barakoa mnapewa au mnajishonea? Sisi huku tu wazima, na mama naye ni mzima. Nalisema hilo mapema usije ukaruka mistari kulitafuta.

Dawa yake ya sukari imefika, chupa zote salama, na baridi yake. Lakini ilivyofika huna habari, na nitakusimulia taratibu, kwa sababu mimi mwenyewe kuna mengi sijayaelewa.

Tangu mpaka wa Afrika Kusini ufungwe nimekuwa mtu wa maswali mpaka watu wananikimbia. Korona yenyewe hapa hatujaiona, lakini imeshatufungia kila mlango. Hilo linawezekanaje? Nilipokuandikia kwamba mama amefungua chupa ya mwisho, nilikwenda hospitali. Kliniki ya sukari imesimamishwa na jengo limetengwa kwa wagonjwa wa korona. Nilichungulia dirishani nikaona vitanda vimetandikwa vizuri, hakuna mtu hata mmoja. Muuguzi akaniambia nirudi ikitangazwa. Itangazwe na nani, hata yeye hajui.

Nikasema basi nitanunua dawa kwa zile pesa ulizotuma. Benki inaingiza watu watano watano, na zamu yangu ilipofika mashine ilikuwa tupu. Nikaipigia bima yako. Binti mmoja, mpole kabisa, akaniambia bima haina tatizo lolote, mama aende tu mwenyewe kwenye duka lake la dawa la kila mwezi kule Fouriesburg, ng'ambo ya mpaka. Nikamwambia mpaka umefungwa. Akasema nisubiri aniunganishe na mkubwa wake. Mkubwa sikumpata. Nilipigiwa muziki mpaka chaji ikaisha.

Nikaenda kuichaji, nikakuta askari anapiga kufuli kibanda cha Thesele. Unaona mambo? Bucha liko wazi, duka la majeneza liko wazi, lakini kuchaji simu si huduma ya lazima.

“Afande,” nikamuuliza, “nani alikaa akaamua kipi cha lazima na kipi si cha lazima?”

“Dada, mimi nilipewa kufuli. Sikupewa majibu.”

Nilicheka, lakini ndipo nilipokupoteza, maana simu za kijiji kizima zilizimika wiki hiyo. Mama akaanza kupima dawa nusunusu. Miguu ikavimba, kutwa anakunywa maji na kusinzia. Niliogopa sana, kaka, na sikuwa na wa kumwambia.

Basi Jumatano mchana gari la maiti likaingia kijijini. Unajua siku hizi likitoka gari huko kwenu na kuvuka mpaka limebeba nini. Na unajua kila nyumba hapa ina mtu wake ng'ambo. Wanawake wakatoka, kila mmoja akasimama kwenye lango lake, blanketi begani, wakitazama litasimama wapi. Likapita kwa kina Thesele. Likapita kwa jirani yetu Mama Nthofeela. Likasimama kwetu.

Dereva, Ntate Khoabane, baba wa watu, akashuka na kofia mkononi. Baadaye nilimuuliza kwa nini aliivua, akasema mkono umeshazoea, huivua penye lango lolote.

“Hapa ndipo kwa Mama Seabata?”

Mama alikuwa amesimama mlangoni, akakaa chini pale pale kwenye udongo, akaita jina lako. Sijawahi kumsikia akiliita hivyo na sitaki kusikia tena.

Dereva alipozunguka kwenda kufungua mlango wa nyuma, wanawake walikuwa wameshaingia ndani. Kazi hiyo wanaijua. Meza ikatolewa nje, kitanda kikasimamishwa ukutani, godoro likatandikwa sakafuni, mama akaketishwa juu yake na kufunikwa. Mama Nthofeela alilia kuliko wote. Jana amekiri kwangu kwamba ilikuwa aibu, kwa sababu gari lilipolipita lango lake alisema asante Mungu, tena kwa sauti.

Ntate Khoabane akaingia na kisanduku cha baridi kifuani, akashangaa.

“Jamani, poleni. Nani amefariki?”

“Unatuuliza sisi?” Mama Nthofeela akamfokea. “Si wewe ndiye uliyemleta!”

“Mama, mimi nimeleta dawa! Marehemu niliye naye garini ni mzee wa watu wa Ha Lejone, na huko wanamsubiri.”

Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka. Nikaenda kuchomeka simu kwenye gari, na ilipowaka tu, ujumbe wako ukaingia: “Msishtuke, dawa inakuja kwa gari la maiti.” Tukakupigia, hupatikani. Tukapiga tena na tena mpaka ikabidi mzee wa Ha Lejone aondoke.

Sasa niambie, uliwazaje? Uliwaza baridi, ukawaza kibali, ukawaza gari gani halizuiwi mpakani. Akili hiyo nimekusifu kwa kila mtu. Lakini wewe umezaliwa hapa. Ulisahauje gari hilo likisimama mahali linakuwa limesema nini? Halafu kisanduku kilikaa upande gani, kichwani au miguuni? Na wenye mzee wao waliombwa ruhusa? Ntate Khoabane nikimuuliza anatabasamu tu.

Mama anajichoma sindano ya dawa asubuhi na jioni, na uvimbe umeshuka. Chupa tumezihifadhi nyuma ya nyumba, chini ya ukuta usiopata jua. Lakini kitanda chake hataki kirudishwe, bado analala kwenye godoro la msiba. Nimemsomea ujumbe wako, akasema ujumbe anaweza kuandika yeyote. Nikamwonyesha zile chupa.

“Hizo zinaonyesha alikuwa hai siku aliyozinunua,” akasema.

Nikazirudisha penye baridi.

Leo Ntate Khoabane anapita akirudi huko. Ataichaji simu kidogo na kuichukua barua hii, maana posta nayo imefungwa. Tutaizima, tuiwashe Jumapili saa sita mchana. Omba, gombana, toroka kinuni ikibidi, lakini piga.

Mjomba Lehana anakusalimu. Thesele anakusalimu, kufuli bado liko pale pale. Mama Nthofeela anakusalimu na anaomba umtafutie habari za mumewe, maana tangu Jumatano hajatulia. Mungu akulinde na vumbi, akulinde na korona, na akulinde na akili zako nyingi.

Mama amekataa kutuma salamu. Anasema atakusalimu mwenyewe, akikuita akakusikia ukiitika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,

Puseletso