Salamu ya Kushoto

Jumapili, 6 Aprili 1986

Tumerudi kutoka Mombasa. Daktari ni mzungu mgeni, Kiswahili hajui hata cha kuombea maji, ikabidi nitafsiri mimi. Mimi! Ambaye darasani nikiulizwa jina sisikiki. Akaitundika eksirei ya Baba kwenye taa. Shingo imezeeka, akasema. Mifupa imeota vinundu, na vitundu inamopita mishipa ya fahamu vimekuwa vyembamba. Mshipa wa kushoto unabanwa — ndiyo maana Baba akigeuka upande huo moto humshuka mpaka vidoleni, ndiyo maana kitambaa humponyoka kwenye cherehani. Avae kola ya kuishikilia shingo, ameze vidonge. Na mtu yeyote asiipinde shingo hiyo kwa nguvu, mkono unaweza kufa.

Baba akanitazama, anangoja.

Nitamwambiaje baba yangu umezeeka, mkono wako utakufa, mbele ya manesi? Nikasema: "Ni uchovu wa cherehani, Baba. Uvae kola, upumzike."

Akacheka. Akaniita dokta wake.

Jumatano, 9 Aprili

Kola iko chini ya kitanda. Baba asema hawezi kumpima mtu kanzu naye kafungwa shingo kama mbuzi wa sokoni.

Sijasema.

Jumatatu, 14 Aprili

Balaa. Mzee Muhdhar — mwanawe Jaafar ndiye anayemwoa dada yangu Batuli mwisho wa mwezi — msikitini husali siku zote kushotoni mwa Baba. Sasa anawalalamikia watu barazani. Eti sala ikimalizika Baba hutoa salamu ya kulia vizuri, ya kushoto huitoa akitazama mbele, kama kwamba huko hakuna mtu. Eti mtu akupaye binti kwa mkono huu na kukunyima uso kwa huu, ana lake moyoni.

Mama kamwambia Baba si uende umweleze kuwa ni maradhi. Baba akajibu polepole:

"Nikisema mkono hauna nguvu, mji mzima utaniletea pole. Kitambaa cha kushona hapana atakayeniletea."

Batuli hajala leo.

Alhamisi, 17 Aprili

Muhdhar katuma mtu. Kesho Ijumaa, asipogeukiwa, harusi isubiri Ramadhani ipite, mpaka mfunguo tatu. Batuli kajifungia.

Baba kasema basi, uchovu dawa yake kukandwa. Keshamwita mkandaji, Mzee Lewa wa Ganda, aje asubuhi aizungushe shingo mpaka ilie.

Uchovu — neno langu! Nilikuwa na sahani mkononi, sikujua niiweke wapi. Nikaenda hadi mlangoni kwa Baba. Akauliza, nani? Nikasema natafuta kanga. Nikarudi. Mimi ni mtu gani? Naandika kurasa nzima humu, na sentensi moja siwezi kuitamka.

Ijumaa, 18 Aprili

Mzee Lewa kachelewa, kaja saa tano imepita. Nilitumwa mafuta ya nazi ya moto, nikayapeleka, nikabaki pale pale na bakuli. Anamkanda mabega huku anamtania: hii ndiyo shingo ya mtu mwenye binti wa kuoza, ngumu! Baba anacheka, uso chini. Kisha akamketisha kwenye kigoda. Mkono mmoja kisogoni, mmoja kidevuni.

"Baba, daktari hakusema uchovu."

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikayasema yote, natazama mkeka — uzee, vitundu, mkono kufa. Mama mlangoni, kajishika mdomo. Mzee Lewa akaachia kidevu.

Baba hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kaniuliza tu:

"Tangu Mombasa ulijua?"

Nikaitika kwa kichwa. Akasema, toka, mwanangu.

Niko chumbani. Baina yetu pazia tu. Batuli kaegemea ukuta, hanitazami, naye anasikiliza. Mzee Lewa asema yeye shingo ya namna hii haigusi, ila mwenyewe akitaka. Baba anamwambia Ijumaa ndiyo leo. Ya Rabi, Baba, kataa! Na harusi ya Batuli? Sijui niombe nini.

Wanaadhini. Mzee Lewa anamwuliza tena, taratibu kabisa:

"Niipinde, Sheikh, au niende zangu?"

Kigoda kimelia — sijui ni Baba anayeinuka, au ni Mzee Lewa anayeishika shingo.