Magunia ya Michembe na Lori la Kina Maganga

Ngokolo, Jumanne, Julai 1980

"Ukoo wetu ndio uliolisha kambi wakati wa vita." Maganga kaniambia hivyo leo mbele ya kamati ya mtaa, bila kupepesa macho. Uongo! Baba yake alikuwa na lori, akabeba magunia, basi. Viazi vilivyokuwamo alivimenya mama yangu na wanawake wa mtaa huu, wakavikata na kuvianika juani hadi vikawa michembe. Askari waliondoka wakiitafuna.

Sasa kamati inaorodhesha familia zilizoujenga mji huu wa kambi. Majina yatasomwa Jumapili mbele ya wanajeshi. Kina Maganga ni wa kwanza. Sisi hatumo.

"Baba Kabula, tumwandike kila mwenye kisu cha jikoni?" akauliza Maganga nilipomtaja mama. Kamati nzima ikacheka. Mimi, msomaji wa vitabu vyote hivi, nikainuka nikatoka.

Nina wivu, nakiri. Natamani hata lile lori lingekuwa letu.

Nyumbani mama hainuki tena kitandani. "Wamenitaja?" akauliza. Nikasema, "Bado, mama."

Wanakamati, kesho nawaletea kalamu. Mwandikeni mama yangu, Minza Shija, angali anaweza kulisikia jina lake.