Nyuzi Arobaini na Moja

Itiryo, Tarime
9 Julai 1994

Kwa mdogo wangu Waisiko,
Nyansurura, Serengeti.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule mama muuza ulezi. Shikamoo sikuiona. Niliigeuza upande wa pili nikidhani umeiweka huko, nako hakuna. Basi naiitikia marahaba hiyo ambayo hukuiandika, maana mimi bado ni mkubwa wako hata kama meno yangu yamebaki saba. Mimi sijambo. Goti la kushoto linauma asubuhi, likipata jua linaniacha. Wewe kifua chako kinaendeleaje? Wale ndama wamepona ndigana? Na mumeo bado anakunywa? Hilo la mwisho najua hutalijibu, lakini nimeuliza.

Huku habari ni dhahabu tu. Tangu watu waanze kufukua Nyamongo, mtu akikusalimia anakuuliza kwanza kama una ndugu mwenye duara, hilo shimo la dhahabu. Jirani yangu Simioni ameuza plau. Plau, Waisiko! Amenunua sururu na tochi, na shamba lake limeota magugu mpaka nyoka wanaona raha. Wake za watu wamehama na masufuria yao kwenda kuwapikia wachimbaji, wengine hawajarudi na wengine wamerudi na wanaume wengine. Nakueleza haya ili ujue nilikuwa na akili gani mwezi wa nne mambo yalipoanza.

Sasa nije kwenye lile uliloniandikia. Umesema umenipatia binti huko kwenu, ana mgongo mpana na adabu, na baba yake yuko tayari kusikiliza. Umesema kwa kuwa Agustina amefukuzwa, nifanye haraka nioe mwingine kabla dhahabu haijawamaliza wasichana wote. Usiende kwa huyo mzee. Kama umeshakwenda, rudi ukamwambie dada yako amekataa. Na barua hii uisome yote, usifanye kawaida yako ya kusoma mwanzo na mwisho ukaruka katikati.

Wewe unajua nilivyompata Agustina. Mungu alinipa mabinti watatu akaninyima mtoto wa kiume, na mume wangu Waitara alipokufa, ndugu zake walianza kuupima mji wangu kwa macho. Ng'ombe wa mahari ya mabinti zangu nikawatoa, nikaoa mke wangu mwenyewe anizalie watoto wa nyumba yangu, kama walivyofanya wanawake wa kwetu wenye akili. Miaka saba amekaa kwangu. Amenizalia wajukuu wawili, Nyangi na Jackson. Analima, anakamua, hanijibu vibaya. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba hakusoma, na mimi nililitumia hilo kama fimbo kila siku. Mimi nilikwenda ngumbaro nikapata cheti, yeye namba hajui hata moja. Nilimwambia hivyo hata mbele ya wageni.

Wachimbaji wanapenda kuku kuliko wanavyowapenda mama zao. Kuku mmoja anaatamia mayai kumi na mawili, akijitahidi kumi na matano, tena akikasirika anaondoka. Nikasema mimi nitatotolesha sitini kwa mpigo. Nikaenda Tarime mjini, pale Nyamisangura, kwa fundi Shamsudin yule wa vitanda. Akanitengenezea sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati kajaza pumba, chini pana nafasi ya chemli, na kopo la maji ndani ili hewa isikauke. Aliniambia mayai yageuzwe mara tatu kwa siku, na joto likae kwenye nyuzi thelathini na saba na nusu au thelathini na nane, wala lisizidi hapo. Akasema kuna kipimo maalumu cha kazi hiyo, yeye atakiagiza Kisii, kitafika baada ya wiki mbili. Nikamwambia joto ni joto, sitangoja Wakenya. Nikapita duka la dawa nikanunua kipimo cha kioo, kile cha homa ambacho waganga wanawawekea watoto kwapani. Shamsudin alipokiona alikunja uso akasema, bibi, hicho sina hakika nacho. Nikamwambia ashike randa yake.

Mayai unayajua, arobaini yalikuwa yako. Niliyachora alama ya mkaa upande mmoja, nikayapanga, nikaweka kipimo katikati. Chemli ikawaka, na jioni kikasema thelathini na nane. Asubuhi thelathini na nane. Siku ya tatu, ya nne, ya tano, thelathini na nane, hakikuchezacheza hata kidogo. Nilijisifu, Waisiko. Nilisema kanisani kwamba taa yangu ina utii kuliko waumini.

Agustina ndiye aliyelala kwenye nyumba ile ya sanduku. Siku ya sita akaniambia kwa upole kwamba alfajiri mayai yanakuwa ya baridi, amelibandika moja kwenye kope la jicho kama alivyofundishwa na bibi yake. Nikamuuliza kope lake lina namba ngapi. Kesho yake akarudia. Akasema pia kwamba Jackson alipougua surua, nesi alikitikisa kile kioo kabla ya kumwekea, pengine na chetu kinataka kutikiswa. Nikamwambia akikivunja atakilipa kwa mgongo wake.

Siku ya tisa jua lilikuwa kali, bati likawa kama kikaango. Jioni nikafungua, kipimo kinasema arobaini na moja. Nikapiga ukelele. Nikajua Agustina ameongeza utambi. Nikaupunguza. Asubuhi arobaini na moja. Nikaupunguza mpaka moto ukawa kama punje ya mtama. Bado arobaini na moja. Nikaizima taa kabisa, ikakaa siku nzima na usiku wake bila moto. Kopo la maji limekuwa baridi, mbao baridi, na kioo kinasema arobaini na moja.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Mkono wangu uliniambia ni baridi, kioo kikaniambia ni moto, nami nikaamini kioo kwa sababu kina namba na mimi nazijua namba. Sasa joto lisilo na moto linatoka wapi? Nikajijibu kwamba limewekwa. Nikakumbuka Agustina aliwahi kuuliza kama ni kweli wanawake wa Nyamongo wanajenga nyumba za bati. Nikasema basi, anataka biashara yangu ife ili apate sababu ya kukimbilia dhahabu, na ametia dawa kwenye sanduku. Nilikwenda mtoni nikayasema hayo mbele ya wanawake wote wenye ndoo. Sikusema kwa mafumbo. Nilisema ni mchawi, mkono wake unaua.

Taa nikawasha tena, nikazima, nikawasha. Siku ya ishirini na mbili hakuna kilicholia. Nikavunja moja moja. Mengine viza, mengine yana vifaranga vimekufa vikiwa na macho lakini bila manyoya. Yako na yangu, yote sitini. Agustina alichimba shimo akayafukia bila kuambiwa, na mimi nikalichukua hata hilo kuwa ushahidi. Nikampelekea habari shemeji yangu Wangwe, naye akaitisha ritongo, baraza la wazee.

Wazee walikaa siku ya Jumatano, wanaume kama arobaini. Nilisimama nikaeleza habari ya joto lisilo na moto, wakatikisa vichwa. Agustina akaulizwa ana neno gani. Akasema yeye namba za kile kioo hazijui, ila mayai yalikuwa ya baridi. Wanaume wakacheka. Na mimi nikacheka. Wakaamua arudi kwa baba yake siku hiyohiyo, watoto wabaki kwangu kwa kuwa ni wa ng'ombe wangu, na asiwaguse, maana mkono wenye sifa ile hauachwi karibu na watoto. Aliondoka na kanga aliyovaa na nyingine moja. Nyangi alimfuata mpaka kwenye mto, tukamrudisha kwa kubeba. Haya uliyasikia, na najua umeyatangaza Nyansurura nzima, maana mdomo wako nimeulea mimi.

Sasa sikiliza lile ambalo hukulisikia, na huku kijijini hakuna mtu anayelijua.

Siku ya Jumatatu, siku mbili kabla ya ritongo, Jackson alikuwa na homa. Nikampeleka zahanati kwa nesi Eunice. Akatoa kipimo kama changu, akakitikisa mara nne tano kwa nguvu kabla ya kumwekea. Nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, mbona anakikung'uta kama anafukuza nzi. Akacheka. Akaniambia kipimo cha homa kikishapanda hakishuki chenyewe, kinakaa pale kilipofika hata ukikiweka kwenye maji ya mtungi, mpaka ukitikise. Ndiyo sababu kila mgonjwa lazima kitikiswe, la sivyo utampa mtoto mzima homa ya mwenzake.

Nilielewa palepale. Mimi si mjinga wa kuelezwa mara mbili. Zile thelathini na nane zilikuwa za jioni ya kwanza, siku zote zilizofuata nilikuwa nasoma jioni moja. Zile arobaini na moja zilikuwa za mchana mmoja wa jua. Kila usiku taa ilipungua, mayai yakapoa, na mwenye kope alisema kweli. Na mimi ndiye niliyezima taa. Aliyeua mayai sitini ni mimi, Waisiko. Agustina ndiye aliyejaribu kuyaponya.

Nilikuwa na siku mbili za kulisema. Nilitembea nalo kutoka zahanati, nikalala nalo, nikaamka nalo. Siku ya ritongo kipimo kilikuwa kwenye pindo la kanga yangu. Ningekitoa tu, nikakitikisa mbele yao, wote wangeona zebaki inashuka. Sikukitoa. Nilikuwa nimeshamwita jina lile mtoni, nimeshawatoa wazee majumbani mwao, na niliona aibu kwamba mwanamke asiyejua kuandika jina lake amenishinda kwa kope. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine nzuri zaidi ya kukupa.

Baba yake naye hakumtaka na sifa ile. Akaenda Nyamongo, kulekule nilikosema anakutamani. Alhamisi iliyopita nilimfuata kwa miguu na kwa lori. Nilimkuta kwenye mstari wa wanawake wanaotwanga mawe kwenye vinu vya chuma, vumbi limemfanya mweupe mpaka kwenye nyusi, vidole viwili amevifunga kitambaa. Alinyanyuka, akapiga goti, akasema shikamoo mama. Akanipa dumu lake nikalikalia. Nikamweleza yote, ya Eunice na ya Jumatatu, sikuacha kitu. Alinisikiliza huku anatwanga. Nilipomaliza akapumzisha mchi. Akaniambia:

"Mama, ulinisema mbele ya wanaume arobaini. Hapa tuko wawili."

Akarudi kutwanga. Nikanyanyuka kwenye dumu, nikaondoka. Hakunitukana, na ningependa angenitukana.

Basi nimemwambia Wangwe aitishe ritongo tena. Ameniuliza la nini, nikamwambia atalisikia na wenzake. Anadhani nataka kutangaza mke mwingine. Ni Jumatano ijayo. Nitasimama palepale, nitatoa kipimo, nitaeleza nilijua tangu lini. Agustina nimempelekea ujumbe aje asikie. Akitaka kurudi, nyumba ni yake na mimi sitamkemea tena mpaka nife. Asipotaka, nitamkabidhi watoto wake aende nao, na ng'ombe sitawadai. Najua unapiga kelele hapo ulipo. Piga. Najua bila watoto wale jina la Waitara linakufa, na ndugu zake wataingia mjini kwangu kabla sijapoa kaburini. Litakuwa limeuawa na mimi, si na Agustina.

Kazi yako ni hii. Nyumba zote ulizopita ukisema mkono wa Agustina unaua, pita tena, moja moja, useme dada yako alisema uongo. Usiseme alikosea. Kukosea nilikosea kwenye sanduku. Kwenye ritongo nilisema uongo. Na mayai mengine usinitumie.

Wasalimie wanao wote, yule mwenye mapacha umwambie nauliza kama wameshakaa. Msalimie mumeo asubuhi, mchana hatakumbuka. Majirani wa upande wa mto nao uwafikishie salamu zangu, waliobaki bila kwenda kuchimba. Mungu akulinde kifua.

Jumatano usije. Najua utataka kuja kunishika mkono. Nataka nisimame peke yangu, wanione vizuri.

Ni mimi dada yako,
Rhobi, mjane wa Waitara